Nimemficha mlezi kwamba mwanangu ana pumu, naogopa akijua atamkataa

Mshauri,

Naomba usichapishe jina langu wala la mtoto, maana mtaa wetu ni mdogo na watu wanajuana. Mwite Baraka.

Baraka ana miaka mitatu na miezi minne. Tunaishi Kaptembwa hapa Nakuru, chumba kimoja, mimi, yeye na baba yake ambaye anaendesha tuktuk. Mimi nafungasha unga kiwandani. Naingia saa moja asubuhi, natoka saa kumi na moja jioni. Simu zetu tunaziacha kwa bawabu langoni na hatuzioni tena hadi tutoke.

Mwaka jana mwezi wa saba, katika ile baridi yetu ya Nakuru, Baraka alishikwa na mafua ya kawaida tu. Usiku wa tatu kifua kikaanza kupiga mluzi, na kila akivuta pumzi mbavu zinabonyea ndani. Tukamkimbiza hospitali, akawekwa mashine, akalala wodini siku mbili. Ilikuwa mara ya tatu mwaka huo. Daktari akasema ni pumu. Nikapewa inhela mbili, ya bluu na ya kahawia. Muuguzi mmoja mwenye moyo mzuri akaniuliza kama nina chupa ya soda ya nusu lita. Akapasha waya moto, akaitoboa kitako, akachomeka mdomo wa inhela pale na kuziba kando kwa gundi. Mtoto anavutia dawa upande wa pili, pale pa kunywea. Ile chupa ninayo hadi leo.

Shida ilianza nilipotafuta dekea, mahali pa kumwacha mtoto mchana. Ya kwanza niliwaambia ukweli siku ile ile. Mwenyewe akanijibu, "Mama, mimi sitaki mtoto wa kunifia mikononi." Ya pili nikawaambia pia, wakakaa naye siku nne, ya tano wakasema nafasi zimejaa. Nafasi gani hizo, na niliwaona wakipokea mtoto mwingine Jumatatu iliyofuata?

Ndipo nikampata Shosho. Hivyo ndivyo watoto wote wanavyomwita, na sisi wazazi pia. Ana watoto kama kumi na wanne, anatulipisha pesa tunayoweza, na mwezi ukinilemea ananingoja bila maneno. Huyu sikumwambia. Niliogopa. Kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri nampa Baraka mipulizo miwili ya bluu ili imshikilie mchana, na jioni nampa tena. Ile ya kahawia niliacha baada ya miezi miwili kwa sababu alikuwa sawa, na mama mkwe aliniambia ni steroidi, itamdumaza mtoto na kumzoesha.

Wiki tatu zilizopita nilichukua simu langoni nikakuta Shosho amenipigia mara kumi na moja. Nilikimbia kutoka kiwandani hadi stejini kama mtu aliyeibiwa. Kumbe alikuwa akichemsha githeri ya watoto kwa jiko la makaa mlangoni, mvua ikanyesha, akaliingiza jiko ndani. Baraka akaanza kukohoa, kisha kuhema. Akamchua kifua kwa ile dawa yenye harufu kali, akampa chai ya tangawizi, wapi. Akamwachia jirani wale watoto wengine, akamfunga Baraka mgongoni na kutembea naye kwenye mvua hadi duka la dawa, akauziwa sirapu ya kikohozi kwa pesa zake mwenyewe. Nilipofika alikuwa amempakata, amemkalisha wima. Akanitazama akaniuliza, "Mama Baraka, huyu mtoto ana nini?"

Nikamwambia ni baridi tu.

Nikamrudisha nyumbani mbio, nikampa ya bluu, akatulia polepole. Usiku akaniambia, "Mama, Shosho alilia."

Tangu siku hiyo silali. Mume wangu anasema niache kazi. Mama mkwe anasema nimpeleke mtoto kwake nyumbani, upande wa Mumias, akapate hewa safi. Mimi sitaki lolote kati ya hayo mawili. Nikimwambia Shosho ukweli akamkataa, sina pengine pa kwenda. Nisipomwambia, naogopa siku moja nitachukua ile simu langoni nikute habari nyingine. Nifanye nini?

Mama mwenye hofu, Nakuru


Mama Baraka,

Pole. Nimeisoma barua yako na kila mara ninakwama pale langoni, wewe umeshika simu yenye miito kumi na mmoja. Mzazi yeyote aliyewahi kumwacha mtoto kwa mtu mwingine ili akatafute unga anaijua hofu hiyo.

Najua wako watakaokutupia ile methali ya mficha maradhi. Mimi sitakutupia. Hukuficha kwa aibu. Ulisema ukweli mara mbili, na mara zote mbili mwanao akafungiwa mlango. Mara ya tatu ukanyamaza ili apate pa kuingia. Kwa hiyo tusiongee kana kwamba wewe ni mwongo. Wewe ni mama aliyejifunza kwamba kusema kuna gharama, na sasa unaona kwamba kunyamaza nako kuna gharama yake.

Ila hebu nikuulize juu ya wale wawili wa mwanzo. Walisikia nini hasa kutoka kwako? Nadhani walisikia neno pumu, na mtaani neno hilo linakuja na picha ya mtu anayekata roho. Je, waliwahi kuiona ile chupa? Kuna yeyote aliyemwona Baraka akivuta dawa na kurudia michezo yake? Kama hapana, basi waliuogopa ugonjwa wasiojua la kuufanya, na hata mimi ningeogopa. Siwatetei, yule wa kukudanganya kwamba nafasi zimejaa alikosa. Nasema tu kwamba kukataliwa na watu walioambiwa jina la ugonjwa bila kuonyeshwa dawa hakutuambii atakachofanya mtu atakayeonyeshwa.

Tena Shosho hayuko pale walipokuwa wao. Wao walikuwa wakiogopa jambo ambalo halijatokea. Yeye limeshamtokea, akiwa mikono mitupu, na hakumrudisha mtoto. Alimbeba mgongoni kwenye mvua, na kesho yake akampokea tena. Tena amekuuliza. Umefikiria amekuwa akijijibu nini wiki hizi tatu? Kuambiwa "ni baridi tu" hakumtulizi mtu aliyelia mbele ya mtoto. Huenda anadhani githeri yake ndiyo iliyomuumiza. Huenda anadhani ni nimonia na wewe hujui. Sisemi kwamba hatakasirika ukimwambia. Huenda akakasirika sana, na atakuwa na sababu. Lakini hasira ya mtu aliyefichwa si sawa na kukataa.

Kabla ya kumwendea Shosho, kuna jambo la dawa ambalo siwezi kulipita haraka, maana naona ndipo hatari ilipojificha zaidi.

Ile ya bluu, ambayo kwa kawaida kwenye kopo imeandikwa salbutamol, kazi yake ni kulegeza misuli iliyobana njia za hewa. Inafanya kazi ndani ya dakika chache, na nguvu yake hudumu saa nne hivi, pengine sita. Sasa hesabu nami. Unampa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ikifika saa tatu na nusu, au kwa kuchelewa saa tano na nusu asubuhi, imeisha. Wakati Shosho anawasha jiko la chakula cha mchana, Baraka hana kitu kifuani. Ngao uliyoamini unamvisha alfajiri inavuka naye hadi chai ya saa nne tu. Tena mtoto anayehitaji ya bluu kila siku, asubuhi na jioni, anatuambia kwamba pumu yake haijadhibitiwa. Madaktari huanza kuwa na wasiwasi ikihitajika zaidi ya siku mbili kwa wiki.

Ile ya kahawia ndiyo inayodhibiti. Rangi hutofautiana kwa makampuni, kwa hiyo soma jina. Mara nyingi huwa beclometasone. Haitibu mtoto aliyebanwa sasa hivi, na ndiyo maana wengi huiacha, kwa sababu hawaoni ikifanya chochote. Inapunguza uvimbe ndani ya njia za hewa taratibu, siku baada ya siku, ili moshi au mafua yakija yasikute pameshavimba. Ulipoiacha baada ya miezi miwili kwa kuwa "alikuwa sawa," inawezekana kabisa alikuwa sawa kwa sababu yake.

Mama mkwe wako hakusema uongo mtupu. Ni steroidi kweli, na tafiti zimeonyesha kwamba watoto wanaoitumia muda mrefu wanaweza kupungukiwa na kimo kidogo, kama sentimita moja hivi. Kuzoesha, hapana, haimfanyi mtoto awe mtumwa wake. Na dozi inayovutwa ni ndogo sana kuliko ile ya vidonge, kwa sababu inakwenda moja kwa moja mapafuni panapotakiwa. Ukimfuta uso na kumpa maji asukutue au anywe baada ya kuvuta, unapunguza utando mweupe mdomoni. Iweke hiyo sentimita moja kwenye mizani pamoja na usiku wa wodini, kisha nenda kliniki ukiwa na inhela zote mbili na chupa, umwambie daktari wazi kwamba uliacha na kwa nini. Asikupe nafasi ya kusimulia? Simulia hivyo hivyo. Mwombe pia akuandikie kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili, nini kifanyike Baraka akibanwa: mipulizo mingapi, baada ya dakika ngapi irudiwe, na lini wasisubiri tena.

Hiyo karatasi ndiyo ningependa iwe mkononi mwako siku ya kuongea na Shosho. Chagua siku asiyokuwa na watoto wengi, labda Jumamosi jioni, na umwendee pamoja na Baraka. Usianze na neno pumu. Anza na swali lake: "Shosho, ile siku uliniuliza mtoto ana nini, nami sikukujibu vizuri." Halafu umwonyeshe. Tikisa inhela. Ichomeke kwenye chupa. Mkalishe Baraka wima, aume mdomo wa chupa, midomo ifunge. Bonyeza mara moja tu, ahesabiwe pumzi tano au sita za kawaida, ndipo utikise tena na kubonyeza ya pili. Kosa la wengi ni kubonyeza mara mbili kwa mpigo. Kisha mpe Shosho chupa ajaribu mwenyewe kwa kopo lililokwisha, hata mara tatu, hata kama mtacheka. Kwa umri wa Baraka, wengi huvuta vizuri zaidi kwa barakoa ndogo inayofunika pua na mdomo. Muulize muuguzi kama anaihitaji.

Shosho akikuuliza kama chupa ya soda ni dawa kweli au ni mchezo, una jibu. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha utafiti uliolinganisha spesa ya dukani, yaani kile chombo cha kuvutia dawa ya inhela, na chupa ya plastiki ya nusu lita kwa watoto waliobanwa na pumu. Chupa iliyozibwa vizuri pale penye tundu ilifanya kazi sawa na ile ya dukani. Kikombe cha povu hakikufua dafu. Yule muuguzi alijua alichokuwa akifanya. Ioshe kwa maji na sabuni ya vyombo, iache ikauke yenyewe bila kuipangusa kwa kitambaa, maana plastiki iliyosuguliwa hunasa dawa ukutani isimfikie mtoto. Na gundi ikianza kuachia, tengeneza nyingine.

Mwambie pia mambo ya kutosubiri. Mbavu au shimo la koo likiwa linabonyea ndani, mtoto akishindwa kuongea, kunywa au kulia kwa pumzi, midomo ikibadilika rangi, akilegea na kusinzia, au kifua kilichokuwa kikipiga mluzi kikinyamaza ghafla ilhali bado anahangaika: huyo ni wa hospitali saa hiyo hiyo, dawa ikiendelea njiani. Wengi hudhani kifua kikinyamaza ndiyo nafuu. Namna hiyo si nafuu, ni hewa isiyopita.

Sasa hatari zake, maana sitaki uingie ukidhani njia hii ni laini. Shosho anaweza kukataa. Akikataa, utahitaji wiki kadhaa za kupanga, kwa hiyo ni vyema kabla ya kumwambia uwe umejua angalau mtu mmoja wa kukushikia, jirani au dada wa kanisani. Anaweza kukubali halafu akasahau. Anaweza, kwa wema wake, kumpulizia mtoto mwingine anayekohoa kwa dawa ya Baraka. Litaje hilo wazi, mwambie kila mtoto na kopo lake. Na kopo huisha, mengi yana mipulizo mia mbili, kwa hiyo weka alama kwenye daftari badala ya kulitikisa na kukisia.

Kuhusu jiko, hapo nenda pole. Makaa ndiyo yanayolisha wale watoto kumi na wanne kwa ile pesa unayoweza kulipa. Ukimwambia aache makaa umemwambia aongeze bei. Mnaweza kuongea habari ya jiko kukaa nje chini ya kibati mvua ikinyesha, au githeri kuchemshwa usiku na kupashwa tu mchana, au Baraka kukaa chumba cha nje wakati wa kupika. Wazazi wengine wangechangia kibati? Moshi haumdhuru Baraka peke yake. Hata ile dawa ya kuchua, mweleze bila kumlaumu kwamba harufu kali huweza kuongeza kubana. Sirapu ya kikohozi nayo haifungui njia za hewa. Pesa yake ile mrudishie.

Kwa mama mkwe sijui hewa ya huko ikoje nyumbani kwake, lakini uliza maswali mawili kabla ya kuiita safi. Anapikia nini, na wapi? Jiko la kuni lenye mafiga ndani ya nyumba hutoa moshi mwingi kuliko wa makaa, na upande huo wa miwa watu huchoma mashamba kabla ya kuvuna. Pili, usiku wa manane Baraka akibanwa, atafika hospitali kwa usafiri gani, na nani atakuwa ameshika ile inhela, yeye anayeamini kwamba inazoesha? Akiyajibu vizuri, nyumbani kwa bibi si mahali pabaya. Huenda hata mkazungumza vizuri juu ya ile dawa, naye akawa upande wako.

Kuacha kazi kunaweza kuwa sawa kwa msimu, kwa mfano miezi ya baridi. Lakini kaa na baba yake mpige hesabu kwa kalamu: inhela zinalipwa na pesa ya nani? Naye mwenye tuktuk ndiye mwenye simu mkononi mchana kutwa. Kwa nini namba ya kwanza kwenye ukuta wa Shosho isiwe yake? Hapo Kaptembwa anaweza kufika kabla yako, na amjue Baraka anavyopuliziwa, si kumwachia mama peke yake. Na pale langoni, jaribu kumwendea supavaiza na kumwomba jambo dogo: namba ya bawabu ipewe Shosho, na bawabu aruhusiwe kukuita. Wengi hukataliwa ruhusa ya simu lakini hawakataliwi kuitwa mtoto akiwa taabani.

Swali moja hukuuliza, ila nalisikia kati ya mistari. Je, ataishi hivi milele? Watoto wengi wanaobanwa kifua na mafua wakiwa wadogo huacha wanapokaribia miaka sita. Wengine huendelea, na wakitumia dawa ya kudhibiti wanakimbia, wanacheza mpira, wanasoma. Hakuna anayeweza kukuahidi Baraka ni wa kundi gani.

Nisingependa kukuamulia siku ya kusema wala kama useme. Wewe ndiye unayemjua Shosho, na wewe ndiye utakayebaki na mtoto akikataa. Ila ukienda, chupa ibebe mkononi, na mwache Baraka ndiye amwonyeshe Shosho jinsi anavyoivuta. Ukipenda, tuandikie alivyosema.